Filamu Iliyokatika Nikaimalizia Mwenyewe

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na nililifanya mbele ya watu wengi, mikro ikiwa mkononi: nilimalizia filamu ambayo haikuwa na mwisho.

Nieleze taratibu, maana hata sasa nikilikumbuka nasimama, nazunguka chumba, nakaa tena. Hapa Butembo, katika saloni ya mama yangu, yaani sebule yake, kila Jumapili baada ya ibada tunaonyesha filamu. Ninaposema tunaonyesha, maana yake mimi naonyesha, mama anavumilia, na vijana wa mtaa wanajaa mpaka kwenye mikono ya viti. Kompyuta ni yangu, televisheni ni ya mama, bafle ya kutolea sauti ni ya kuazima. Filamu zenyewe ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo lazima mtu azitafsiri papo hapo. Mtu huyo ni mimi. Kiingereza changu ni kile cha sekondari, saa chache kwa wiki, ambacho mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akikiogopa. Natafsiri kwa kuangalia nyuso, mvua na namna mlango unavyofungwa. Mlango ukigongwa kwa nguvu, najua kuna mzazi asiyeelewa.

Zile sinema kubwa za mjini zinaonyesha bunduki na karate, na mtafsiri wao ana sauti ya lori linalopanda mlima. Sikuweza kushindana naye. Nikachagua filamu za vijana wanaotafuta fasi yao katika maisha: huyu hataki kazi ya baba yake, yule hajui ampende nani, mwingine anaangalia nje ya dirisha hadi unajiuliza kama kompyuta imekwama. Nilidhani watu watalala. Lakini Jumapili ya kwanza kabisa, jirani yetu alinyanyua kichwa kutoka kwenye beseni lake la maharage. Huyu ni mama mmoja aliyekimbia vita Kanyabayonga na sasa anapanga ile nyumba ndogo nyuma ya yetu. Anakaa karibu na mlango, anachambua mawe kwenye maharage, na kila kilicho kichwani mwake kinatoka kwa sauti.

"Filme muzima, hakuna bunduki ata moja?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi lete ingine kama hiyo. Bunduki tuliiona bure kabisa."

Hivyo ndivyo nilivyopata soko langu.

Shida ya filamu hizi ni kimya. Zina kimya kingi mno. Kijana anakaa kitandani, anaangalia viatu vyake, na hakuna anayesema neno. Wazungu wanapenda hivyo, lakini saloni yetu haina subira hiyo. "Sema basi!" wananipigia kelele. "Iko nawaza nini?" Nikajizoeza kuwasemea walionyamaza. Namwekea kijana maneno mdomoni: "Anawaza, mama yangu hanijui." Na saloni yote inaitika: "Kweli kabisa!" Kwa njia hiyo nimewasemea vijana wengi wa nchi za mbali, mimi ambaye nikitoka nyumbani kwenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara narudi nimechoka kama niliyetoka Kisangani kwa miguu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Diploma yangu ya serikali niliipata zamani, nikaifunga katika plastiki ili isilowe, na tangu hapo tunalindana. Katika mji huu ambamo hata mbuzi wanatembea kama wana mzigo wa kupeleka mahali, mimi nimezaliwa nikiwa nimekaa. Baba alifariki, na aliyetulea ni mama, kwa viazi. Anapanda mlima hadi Lubero, ananunua magunia kwa wakulima, anateremka nayo Butembo kuwauzia wenye maduka. Magoti yake yamechoka na ule mlima. Mpango ulijulikana na kila mtu: mdogo wangu wa kike, ambaye ndiyo kwanza amemaliza sekondari, atashika safari za Lubero. Kwa nini si mimi, mzaliwa wa kwanza? Swali hilo halikuwahi kuulizwa. Ninashukuru.

Sasa, ile Jumapili. Filamu ilikuwa ya msichana mmoja katika nchi ya mvua. Mama yake ana mkahawa kando ya barabara. Msichana anaosha sahani, anaangalia mabasi yanayopita, anaosha sahani, anaangalia mabasi. Wala hao wawili hawagombani. Hawaongei tu. Niliwaongelea mimi, na nilikuwa moto siku hiyo. Mwishoni msichana anachukua valizi yake ya nguo, anatoka bila kusema neno, anakaa kwenye kituo. Basi linaonekana mbali, linakuja, taa zimewaka.

Picha ikaganda. Halafu giza.

Nilijua mara moja. Nilipokuwa nikiivuta filamu ile, mtandao wa Butembo ulikuwa umeamua kwamba robo tatu inatosha, nami sikuangalia. Mtu mwenye akili angesema: poleni, imekatika, naomba radhi, nendeni nyumbani. Lakini nyuso zote zilinigeukia, midomo wazi, wakidhani giza lile ni sehemu ya utamu. Jirani wa Kanyabayonga alikuwa ameacha maharage. Nikaleta mikro karibu na mdomo.

"Giza hili," nikasema, "ni giza la moyo wake."

"Eee!" ikaitika saloni.

Basi nikaendelea. Nikasema msichana anasimama. Lakini hapandi basi bado, hapana. Anakumbuka kwamba ametoka kama mbuzi aliyekata kamba, na mtu hatoki nyumbani hivyo. Kwetu hakuna mgeni, hakuna mtoto anayekwenda shule, hakuna ata mukwe aliyekasirika, anayetoka katika parseli, katika ua wa watu, bila kuomba njia. Na anayeombwa njia vizuri, mbele ya watu, anajibu kwamba njia iko. Kwa hiyo nikamrudisha yule msichana wa Kizungu mkahawani, nikamsimamisha katikati ya wateja, nikamwambia aseme: "Mama, naomba njia." Mama yake anapangusa mikono kwenye aproni. Anamwangalia. Anasema: "Njia iko, mwanangu." Msichana anafika mjini, anapata kazi, anapata watu wake, anajua yeye ni nani. Nikapiga na muziki kwa mdomo.

Wakapiga makofi mbele ya televisheni nyeusi. Jirani alijipangusa macho kwa kitenge, akasema ni vumbi la maharage.

Wakati uleule mama yangu akaingia kutoka uani, kuwaambia watu wasiegemee ukuta. Na mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, karibu na kompyuta, akasimama. Alinyoosha sketi yake. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa walio mlangoni:

"Mama, naomba njia. Niende Beni kwa mama mudogo, nitafute kazi."

Kikaja kimya ambacho hakuna aliyeniomba nikitafsiri.

Ungekuwa mwaka mwingine, jikoni, wao wawili, mama angejibu: "Njia ya kwenda wapi? Ya kwenda kusugua sufuria." Hapo mazungumzo yangekufa. Lakini saloni ilikuwa imejaa. Watu wote walimwangalia kwa macho yaliyolowa, bado wako ndani ya filamu, na yeye ndiye mama mwenye aproni. Ameombwa vizuri, mbele ya wageni, ndani ya nyumba yake. Afanye nini?

"Njia iko," akasema mama.

Makofi tena. Macho ya mama yakatoka kwa binti yake polepole, yakapita juu ya vichwa vya watu, yakanifikia mimi. Bado nilikuwa nimeshika mikro.

Juma halikuisha, mdogo wangu akaondoka. Mama alimfungia maharage, akampa na sweta ambayo Beni haina kazi nayo. Baada ya hapo nyumba ikawa na kelele ya ajabu, ile ya mtu mmoja anayeweka sufuria chini kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Mimi kukaa nikashindwa. Mimi! Nakaa kwenye sofa, nasimama. Naenda mlangoni, naangalia motadi wa pikipiki wanavyopita, narudi. Nafungua ile filamu kwenye kompyuta, naisukuma mpaka pale inapoganda, nafunga. Naifungua tena, kana kwamba imepata huruma usiku ikajimalizia.

Nilichogundua siku zile hakikunifurahisha. Katika filamu zote hizo za vijana, nilikuwa nikijihesabu kuwa yule kijana. Yule wa dirishani. Siku moja nikamwona mtu mwingine, nyuma, kwenye sofa, amevaa soksi: mjomba. Karibu kila filamu inaye. Anaishi kwa dada yake, anatoa mashauri, anachekesha watu, na filamu inapoisha yuko palepale, hakuna aliyeuliza alipata nini. Nikaangalia miguu yangu. Soksi.

Hatimaye mama akasema. Alikuwa akichambua viazi uani, wala hakunyanyua kichwa.

"Miye nilitoa njia mbele ya batu. Siwezi kuirudisha mukononi, nitaonekana kama mutoto. Mais maneno yalitoka kwa mudomo yako weye. Utaenda Beni, utamurudisha."

"Na akikataa?"

"Akikataa, njo weye utapanda Lubero na miye. Kuanzia Jumanne ingine."

"Mama, Lubero iko baridi."

"Viazi haviogopake baridi."

"Wale bamama ba soko ya kule watanimeza."

"Bakumeze. Watakutapika ukiwa mutu."

Jirani, ambaye alikuwa akimsaidia kuchambua, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikaenda kutafuta begi.

Katika filamu, safari ina muziki. Kijana anaegemeza kipaji cha uso kwenye kioo cha gari, mashamba yanapita, anakuwa mtu mpya kabla ya kufika. Nami nilijaribu. Nilikuwa nimebanwa nyuma ya takisi kati ya mwalimu mmoja na kuku wa mtu, na kwenye mteremko wa Kabasha niliegemeza kipaji kwenye kioo. Barabara ikaruka. Nikapata nundu. Mwalimu akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nawaza. "Basi waza katikati," akasema, "kioo ni ya mwenye gari."

Kwenye bariyeri mwanajeshi aliangalia kadi yangu, kisha akaangalia nundu. Kiswahili chake kilikuwa na Lingala nyingi ndani; huyo katoka mbali.

"Kijana, oyo Beni unaenda kufanya nini?"

"Kumurudisha dada yangu, chef."

"Alikimbia?"

"Hapana. Aliomba njia."

"Mama alikataa?"

"Hapana, alikubali."

"Alifika salama?"

"Salama."

"Sasa likambo, shida, iko wapi?"

Akanirudishia kadi kwa huruma, na abiria wenzangu wakaniangalia mpaka Beni.

Beni joto linakupokea mlangoni kabla ya wenyeji. Mama mdogo, mdogo wa mama yangu, alijua kabisa kwa nini nimekuja, na kwa sababu alijua, hakuniacha niseme. Mgeni hatoi neno lake kabla ya kula. Akaleta bugali, sombe, samaki wadogo. Nikamaliza, nikafungua mdomo: "Mama mudogo, nimetumwa..." "Bado hujakula," akasema, akaongeza bugali. Nikafungua tena: ndizi. Nikafungua tena: chai. Mwisho nikawa sina nafasi ya neno wala ya mate. "Sasa pumzika," akasema. "Kesho utaenda kumuona kwa kazi. Iko nyuma ya soko, kwa mama Hadja."

Mama Hadja ni mke wa mwenye malori. Familia yao ni Waislamu wa Beni tangu babu, bwana anasafirisha, bibi anapokea bidhaa katika depo na kuzigawa kwa wenye maduka. Nilifika asubuhi wakati lori lilikuwa likishusha sukari. Juu ya mkia wa lori alisimama mtu mwenye sauti, kitenge kimefungwa kiunoni, mkono mmoja ndani ya gunia. Ilinichukua muda kumtambua mdogo wangu, yule aliyekuwa akiosha sahani nyumbani bila kusema.

"Papa chauffeur, hii sukari ililala kwa mvua."

"Mvua gani? Kasindi, kule mpakani, ilikuwa jua!"

"Hapana kuniletea hadithi ya jua. Weka mukono ndani. Weka! Iko nini?"

Dereva, mzee mzima mwenye kofia, akaweka mkono, akautoa, akautazama. "Aa, weye mutoto ya Butembo," akasema, "unaongea kama mama mukwe yangu."

"Mama mukwe yako ana akili. Hii gunia inabaki kwa gari."

Vijana wa kubeba wakacheka. Mama Hadja, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, hakucheka, lakini aligeuza uso ili dereva asimwone akifurahi. Mdogo wangu aliniona. Alipunga mkono ule wenye sukari, akaniita yaya, kaka mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya! Ngoja, lori ingine iko nyuma. Tutaongea saa ya kula."

Nikasimama pale kama gunia lililolowa. Mama Hadja akaniangalia kuanzia viatu.

"Kumbe ni weye yule wa filme? Dada yako anasemaka unajua mwisho ya kila kitu."

"Anatania, mama."

"Naona."

Nikaona afadhali nizunguke soko kuliko kuzeeka mbele ya macho yale. Na hapo, katika kibanda cha mtu anayeingiza filamu katika simu za watu, nikaikuta. Ile ile. Nzima. Nilimwambia aniwekee haraka, maana nilidhani nimepata silaha. Nikarudi uani kwa mama mdogo, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikaisukuma mpaka pale penye basi.

Basi linakuja. Linasimama. Mlango unafunguka. Msichana hasimami. Mlango unafungwa, basi linakwenda. Kisha mama yake anatokea, aproni bado kiunoni, anakaa pembeni yake kwenye benchi. Wanaangalia barabara. Hawasemi kitu. Mvua kidogo. Hawasemi kitu. Majina yanapanda.

Basi! Hiyo tu! Nilikasirika. Katika saloni yetu wangenirushia maharage. Ningewatafsiria nini, mabega? Lakini kwa kazi iliyonileta, mwisho ule ulikuwa dhahabu: msichana hakuenda. Nilirudi depo karibu mbio, mimi ambaye sikimbiagi, nikamkuta mdogo wangu amekaa juu ya magunia, anakula ndizi za kuchoma. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Angalia. Huu njo mwisho wa kweli. Ile siku filme ilikatika, nikatunga. Nilidanganya batu wote na weye ndani. Hakuomba njia, hakuenda mji, hakupata kazi. Alibaki. Kwa hiyo rudi nyumbani."

Aliangalia mpaka majina yakaisha. Alilamba kidole.

"Yaya, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikaa karibu na machine. Niliona imekufa. Niliona na weye umekufa, kwa uso. Nikasema, wacha tuone atafanya nini."

"Na uliinuka ukaomba njia juu ya uongo unaoujua!"

"Sikuinuka juu ya filme." Alicheka kidogo, akaacha. "Siku zote ukitafsiri unatafutaka maneno. Eee, donc, anasema, ngoja. Ile siku hakukuwa picha, hakukuwa sauti, na hukutafuta ata neno moja. Ulijua ataaga vipi, atafika wapi, atasikia nini kwa roho. Yote! Nikawaza, kumbe huyu yaya anajua safari hii tangu zamani, na hajawahi kufika ata Maboya, pale karibu. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukaa pembeni yako."

Nilitaka kucheka, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mpishi wa ndizi alikuwa akipuliza makaa, na mimi nikayaangalia makaa yale kwa bidii sana.

Mdogo wangu akaichukua simu, akarudisha picha nyuma, pale kwenye benchi.

"Na tena, angalia vizuri. Mama ya huyu alikuja yeye mwenyewe, akamukalia pembeni. Yetu alituma weye."

"Magoti yanamuuma."

"Najua. Magoti." Kidole chake kilikuwa juu ya yule mama mwenye aproni, hakikusogea. "Anavaaka ile koti nzito akipanda kule? Asubui anaisahauka. Ilikuwa miye wa kumukumbusha."

"Sijui."

"Ah, yaya. Unalala nyumba moja naye."

Nikajua kwamba nimeshindwa, na kwamba hakuna mwisho wa akiba katika simu yangu. Nikajaribu kwa aibu, kwa sauti ya chini:

"Mais ukibaki, Jumanne ni miye wa kwenda Lubero. Mama alisema."

Aliniangalia. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka vijana wa kubeba wakageuka na mama Hadja akauliza kuna nini.

"Anasema ndugu ni damu, ndugu ni damu," mdogo wangu akapiga kelele, machozi yakimtoka, "kumbe anakimbia viazi!"

"Sikusema ndugu ni damu," nikajitetea. Hakuna aliyesikiliza.

Alipotulia alisema yake wazi, kama anavyosema na madereva. Harudi sasa. Kazi anaiweza, mama Hadja anamtaka, na hata viazi hajavikataa kwa dharau. Sauti ile anayowapigia madereva aliipata kwa mama, sokoni. Atakuja Noeli kusalimia. Kama mama ana neno, na aje Beni aone mwenyewe, amkalie pembeni, atampa kiti cha plastiki. Honi ikalia nje. Akaruka chini, akafunga kitenge upya.

Kesho yake niliomba njia. Mama mdogo alisema njia iko, na kwa kuwa mgeni hatoki mikono mitupu, akanibebesha bidoni ya mafuta ya mawese kubwa kuliko begi langu. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka kwenye kona tu, lori lilikuwa linangoja. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, ya kuagana. Nimewatungia watu wengi maneno ya namna hiyo. Nikafungua mdomo.

"Panda, yaya, gari inakuacha," akasema.

Nikapanda. Sikuegemea kioo.

Nyumbani nilishuka kwenye pikipiki, bidoni kati ya magoti, mafuta kwenye suruali. Mama alikuwa uani kwenye lundo la viazi, jirani wa Kanyabayonga upande wa pili. Mama aliniona, halafu akaangalia nyuma yangu, kwenye lango, akisubiri anayeingia baada yangu. Motadi aligeuza pikipiki akaenda. Lango likabaki lango. Mama aliendelea kuliangalia kwa muda ambao mimi, mtafsiri, nilijua vizuri ana maneno gani ndani yake, na kwa mara ya kwanza sikutaka kumsemea.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Depo, lori, sukari iliyolowa, dereva mwenye kofia. Kwamba anasimama juu ya mkia wa gari na watu wazima wanamwogopa. Kwamba aliuliza kuhusu magoti, na kuhusu koti.

"Aliuliza koti?"

"Aliuliza."

Mama alichukua kiazi, akakigeuza, akakiweka. Akakichukua tena kilekile.

"Anakula?"

"Anakula sana. Ndizi."

"Hm." Akakitupa kiazi kwenye gunia. "Tafuta na weye koti. Jumanne tunapanda mapema."

Sikubisha. Saloni ilikuwa hatua chache tu, sofa naliona kupitia mlango, lakini miguu haikutaka kwenda kule na haikutaka kusimama. Nikachuchumaa kwenye lundo, nikaanza kuchambua nao. Nilitupa kibovu katika gunia la vizuri. Kisha kingine. Jirani akaushika mkono wangu, akauondoa kwenye viazi kama anavyoondoa jiwe kwenye maharage. Akaiangalia bidoni, akafungua kifuniko, akanusa. Akaniangalia mimi.

"Mafuta ni muzuri," akasema. "Mais weye, bangekubakisha kule, batutumie yeye."